Ishara za Upweke katika Habari za Wakilindi

Wasomaji wengi wa milima hii wamelisikia jina la Mbega tangu walipokuwa wakiota moto kwa bibi zao. Wajua kwamba alikuwa mwindaji, kwamba alitoka Nguu, kwamba aliwagawia watu nyama, na kwamba mwisho alitawala Vugha. Lakini asikiaye habari huifuata mpaka mwisho wake, akafurahi au akahuzunika, kisha akaenda kulala. Asomaye aweza kurudi nyuma, akatazama jambo lililotajwa mwanzo limerudi wapi tena, na kwa sababu gani. Leo nataka tukisome hivyo kitabu cha Habari za Wakilindi. Tuziangalie ishara zake, nami natumaini kuonyesha ya kuwa karibu zote zanena neno moja, nalo ni upweke: upweke wa mtu aliyefukuzwa, na upweke wa mtu aliyetukuzwa.

Kwanza yafaa tukijue kitabu chenyewe. Mwandishi wake ni Abdallah bin Hemedi al-Ajjemy, Mwislamu, aliyekaa miaka mingi na Semboja, mwana wa Kimweri, huko Mazinde. Aliyaona mengi kwa macho yake, na mengine aliyapata kwa wazee. Kitabu kilitoka kwa sehemu, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, katika mtambo wa chapa wa misheni ya U.M.C.A. huko Magila katika Bondei. Basi habari za wafalme wa Kishambala ziliandikwa na Mwislamu, zikapigwa chapa na Wakristo, na lugha iliyowakutanisha ni Kiswahili. Mwaka 1962 kitabu kilichapwa tena na East African Literature Bureau, kikawafikia wasomaji wapya.

Hii si riwaya, ni historia. Walakini mwandishi alijua kusimulia, na masimulizi ya wazee yalikuwa yamekwisha kuchongwa na vinywa vingi kabla ya kufika kwake. Kwa hiyo mambo ndani yake hayakuwekwa ovyo. Jino, mbwa, moshi, nyama, ngozi na kaburi, kila kimoja ni kitu cha kawaida, nacho chabeba maana kubwa kuliko ukubwa wake. Kitu cha namna hiyo ndicho tukiitacho ishara. Watu hawakuelezwa maana yake kwa maneno mengi, nao waliielewa, kwa kuwa waliishi na vitu hivyo kila siku.

Ishara ya kwanza ni meno. Mbega alipokuwa mtoto mchanga aliota meno ya juu kabla ya meno ya chini. Mtoto wa namna hii aliitwa kigego, na desturi ya zamani katika makabila mengi ya nchi hizi ilikuwa kumwua, kwa sababu watu waliamini ya kuwa akiachwa aishi ataleta vifo katika jamaa yake. Wazazi wa Mbega hawakumwua. Akakua, akawa kijana hodari. Lakini wazazi walipokufa, ndugu zake walimnyima sehemu yake ya urithi, wakamhesabu kuwa ndiye aliyeleta misiba nyumbani.

Angalieni jambo hili vizuri. Meno ya utotoni yalikuwa yamekwisha kung'oka zamani. Mtu mzima aliyesimama mbele ya wazee alikuwa na meno kama yao. Tena hapakuwa na mtu aliyemwona akitenda ubaya wo wote. Basi ile alama haikuwa mwilini mwake tena, ilikuwa katika fikira za ndugu zake, wakaitoa siku walipoihitaji, nayo siku hiyo ilikuwa siku ya kugawa mali. Hapo mwandishi atufundisha kwamba upweke wa Mbega haukuzaliwa pamoja naye. Ulitengenezwa na watu, na ndani yake mlikuwa na faida yao.

Wasomaji wa Biblia watamkumbuka Yeftha katika kitabu cha Waamuzi. Yeye naye alifukuzwa na ndugu zake ili asirithi pamoja nao, naye akakaa ugenini, akakusanyikiwa na watu wasio na kazi, hata taabu ilipowapata wazee wa Gileadi ndipo walipomfuata wakamwomba awe mkuu wao. Wayunani wa kale nao walikuwa na habari ya Oedipus, mtoto aliyetupwa mlimani hali miguu yake imetobolewa kwa sababu ya maneno ya mganga, naye akaja kuwa mfalme wa Thebes, kisha akaangamia. Mtaalamu wao Sophocles aliifanya habari hiyo kuwa mchezo wa huzuni, usomwao hata leo. Katika hawa watatu yupo mtoto aliyekataliwa, yupo mgeni aliyekaribishwa, na upo ufalme. Si ajabu ya kwamba watu wa nchi zilizo mbali namna hiyo waliona jambo moja: mtu aliyesukumwa nje aona mambo ambayo walio ndani hawayaoni.

Ishara ya pili ni mbwa na mikuki. Mbega alipoondoka kwao hakuwa na mali nyingine ila mbwa zake, na silaha zake, na ujuzi wa kuwinda. Katika nchi ya Kilindi alipata rafiki, mwana wa mkuu wa nchi ile, wakapendana sana, wakawinda pamoja. Lakini siku moja yule kijana aliuawa na nguruwe mwitu. Mbega na vijana wa Kilindi waliokuwa pamoja naye wakaogopa hasira ya baba yake, wakakimbia. Wakilindi walipata jina lao katika nchi hiyo ya Kilindi. Hivyo ukoo uliokuja kutawala Usambara wachukua jina la mahali ambapo mwanzilishi wake alikimbia usiku na mchana asitazame nyuma. Hata jina ni ishara: kila aliyelitaja alitaja msiba ule, ajapokuwa hakujua.

Na mbwa je? Kwa mtu wa kijijini mbwa ni mnyama wa nje. Halali kitandani, hali pamoja na watu. Mtu ambaye jamaa yake ni mbwa, huyo ni mtu asiye na jamaa. Lakini mbwa hawaulizi habari za meno. Mwandishi asifuye mbwa wa Mbega asifu pia uaminifu ule ambao ndugu zake wa damu walimnyima.

Ishara ya tatu ni moshi. Mbega na wenzake walifika katika milima ya Usambara. Kitabu chataja Zirai, na jina hilo lipo hata leo katika Usambara ya mashariki, upande wa Amani na Sigi. Sisi tukaao karibu na mto huu twajua msitu ulivyo: ukungu hushuka mchana, mtu akawa hatua ishirini mbele yako usimwone. Walilala mapangoni na mwituni. Watu wa nchi hawakuwajua, wala wao hawakuwajua watu. Kilichowatambulisha kilikuwa moshi wa moto wao uliopanda juu ya miti. Washambala wakautazama, wakaulizana: ni nani awashaye moto mahali pasipo na mji?

Moshi ni ishara nzuri kuliko nyingi katika kitabu hiki, kwa kuwa una pande mbili. Kwa upande mmoja wamtangaza mtu aliye peke yake, asiye na nyumba. Kwa upande wa pili, palipo moto pana chakula, na palipo chakula mgeni aweza kukaribia. Aliyefukuzwa kwao hakwenda kubisha hodi mlangoni pa mtu. Alikaa na moto wake, watu wakamwendea.

Ishara ya nne ni nyama. Mbega aliwapa Washambala nyama ya nguruwe aliowaua, nao wakampa vyakula vya shamba. Wakati ule nguruwe walikuwa adui wakubwa wa mashamba, kama walivyo hata sasa kwa mkulima aliye karibu na msitu. Kwa hiyo kila nguruwe aliyeuawa alikuwa faida mara mbili: shamba lilipona, na watu wakapata kitoweo. Steven Feierman, mtaalamu wa Kimarekani aliyesikiliza wazee wa Usambara katika miaka ya 1960, akatoa kitabu chake cha historia ya ufalme huu mwaka 1974, alilitazama sana jambo hilo. Aonyesha ya kuwa mtu alaye nyama peke yake ni mtu wa porini, na mtu alaye vyakula vya shamba ni mtu wa nyumbani. Walipobadilishana chakula, Mbega alianza kuvuka kutoka porini kuingia nyumbani. Baadaye akaamua magomvi yao, akapewa mke huko Bumbuli, na mwisho wazee wa Vugha wakamtaka awe mkuu wao.

Hapa msomaji aweza kusema: basi upweke umekwisha, habari ni njema. Mimi nasema sivyo. Hapa ndipo upweke ulipobadili mavazi yake.

Ishara ya tano ni ngozi ya simba. Mbega alimwua simba, na ngozi yake ikawa kitu cha heshima. Masimulizi hutofautiana: wengine husema simba aliuawa njiani, wengine husema aliuawa usiku huko Vugha. Lakini yote yakubaliana ya kuwa tangu hapo mfalme akaitwa Simba. Kitabu chasimulia kwamba mwanawe Buge, aliyetawala baada yake, alizaliwa juu ya ngozi hiyo. Fikirini neno hili. Mtoto wa Nguu alikuwa na alama mwilini, watu wakasema huyu si mtu kama sisi, wakamfukuza. Mtoto wa Vugha naye alipewa alama siku ya kuzaliwa, watu wakasema huyu si mtu kama sisi, wakamsujudia. Alama ya kwanza ilikuwa ya aibu, na ya pili ya utukufu, lakini kazi yake ilikuwa ile ile, yaani kumtenga mtu na wenzake. Simba hana jirani. Wanyama humheshimu, wala hakuna amwendeaye kwa mazungumzo.

Ishara ya sita ni kaburi. Mbega alipougua na kufa, habari zake zilifichwa. Wazee wachache tu ndio waliojua, wakamzika kwa siri, kaburini mkatandikwa ngozi ya ng'ombe mweusi, wakatia na paka mweusi. Watu hawakuambiwa mpaka mwanawe alipokwisha kusimamishwa katika ufalme. Sababu yake yafahamika, kwa maana nchi isiyo na mfalme yaweza kuingiwa na fujo. Lakini tutazame kwa upande wa yule aliyekufa. Maskini wa kijijini akifa, hulia mkewe, hulia majirani, na kilio chasikika ng'ambo ya bonde. Mbega alikufa bila kilio. Alizaliwa asipotakiwa, akafa isipojulikana. Mwanzo na mwisho wa maisha yake vimefanana, na ni mwandishi mwenye akili aliyeviweka hivyo tuvione.

Wasomaji wa siku hizi waweza kulinganisha habari hiyo na riwaya ya Chinua Achebe wa Nigeria, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Clement Ndulute, ikatoka mwaka 1973 kwa jina la Shujaa Okonkwo. Okonkwo naye alikuwa mtu mkubwa katika kabila lake, naye alifukuzwa akakaa ugenini miaka saba, na mwisho alipojinyonga watu wake mwenyewe hawakuweza kuugusa mwili wake, kwa kuwa ilikuwa mwiko. Katika vitabu vyote viwili kaburi ndilo lisemalo neno la mwisho juu ya upweke. Lakini ziko tofauti. Okonkwo aliachwa na watu wake kwa sababu hakukubali kubadilika pamoja nao. Mbega alitengwa na watu wake kwa sababu walimhitaji mno.

Sasa tutazame wazao wake, maana msiba mkubwa wa kitabu hiki si wa Mbega, ni wa nyumba yake. Mzao wake, Kimweri ya Nyumbai, alitawala nchi kubwa kutoka milimani mpaka karibu na pwani. Bwana Krapf wa misheni alifika kwake mwaka 1848, na tena mwaka 1852, akaona heshima yake. Kimweri aliwaweka wanawe katika nchi zote kuwa wakuu. Alipokufa mwaka 1862, mjukuu wake Shekulwavu alishika Vugha. Lakini Semboja aliyekuwa Mazinde, chini nyikani penye njia ya misafara, alikuwa amepata bunduki nyingi na baruti kwa biashara. Akampiga Shekulwavu, akamtoa Vugha. Wabondei nao wakainuka juu ya Wakilindi, na fitina hiyo yajulikana kwa jina la Kiva. Watu wakatekwa, wakauzwa pwani kuwa watumwa.

Na hapa yapo mambo ambayo ni ishara kamili, ingawa ni historia tupu. Semboja alipokwisha kuishinda Vugha hakukaa Vugha. Alimweka mwanawe Kimweri Maguvu huko, mwenyewe akabaki Mazinde. Nyumba ya simba iliachwa na mwenye nguvu, ikawa kama ngozi isiyo na mnyama ndani yake. Mbega alitoka nyikani akapanda mlimani kukaa na watu. Semboja aliukataa mlima akachagua njia ya misafara. Wazee wa Kishambala wana maneno mawili: kuzifya shi, maana yake kuiponya nchi, na kubana shi, maana yake kuiharibu. Walisema nchi huponywa mfalme mmoja anapokuwa na nguvu, mvua ikanyesha. Nayo huharibika nguvu zinaposhindana na nguvu. Siku za Semboja kila Mkilindi alikuwa mfalme peke yake, na kila mmoja alimwogopa nduguye. Ndugu walimtoa Mbega nje kwa ajili ya urithi. Baada ya miaka mingi wazao wa Mbega wakatoana nje kwa ajili ya urithi.

Mwisho ulikuja upesi. Kimweri Maguvu alikufa mwaka 1893. Mputa aliyemfuata alimwua mtu aliyezini na mkewe, kama sheria ya wafalme wa zamani ilivyompa ruhusa. Wadachi wakamshitaki, wakamnyonga mwaka 1895. Babu yake alizikwa usiku kwa siri ili watu wasijue ya kuwa simba hufa. Mputa aliuawa mchana, machoni pa watu, ili wajue. Ufalme uliojengwa kwa siri ya kaburi ulivunjwa kwa kamba isiyo na siri.

Basi kitabu hiki chatufundisha nini? Wako wasemao ya kuwa ni kitabu cha sifa za Wakilindi. Sifa zimo, lakini msomaji azifuataye ishara zake atayaona mambo mengine. Nyama na chakula cha shamba, hiyo tu ndiyo ishara isiyomtenga mtu. Nyingine zote, meno, ngozi, kaburi, zamweka mtu mahali ambapo mwenzake hawezi kumfikia. Na wakati ule mfupi wa kubadilishana nyama na chakula kule msituni ndio wakati pekee katika maisha yake ambapo Mbega hakuwa kigego wala simba. Alikuwa mtu mwenye moto, na wageni waliokaa pamoja naye wakala.

Sisi Wakristo tusilisome jambo hili kama habari ya watu wa zamani tu. Desturi ya kuwaua vigego imekwisha, nasi twamshukuru Mungu. Lakini ile fikira iliyoizaa haijaisha. Katika miaka ya karibuni nchi yetu imeona watu wenye ualbino wakiwindwa na kuuawa kwa sababu ya rangi ya ngozi waliyozaliwa nayo. Imeona wajane wazee wakiitwa wachawi kwa sababu macho yao yamekuwa mekundu, nayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni walizowapikia watoto wao. Mara nyingi, kama ilivyokuwa kwa Mbega, alama hukumbukwa siku ya kugawa shamba. Aulizaye sababu ataambiwa habari za meno. Achunguzaye ataona habari za mipaka.

Basi kila kijiji kijipime kwa jambo hili. Akiwapo kati yenu mtu anyoshewaye kidole kwa sababu ya mwili wake, au kabila lake, au msiba uliompata, msingoje mpaka awe mkuu ndipo mmkaribie, wala msimkaribie kwa sababu mwamhitaji. Mwendeeni angali hana kitu ila moto wake. Mpelekeeni chakula, nanyi mle alicho nacho. Wazee wetu walifanya hivyo siku moja kwa mgeni wasiyemjua, na kwa siku hiyo moja nchi iliponywa.